Singo ya Bi Mwanakheri na Kopo Lisilo na Jina

Kila siku akirudi chuo cha Kurani, Ulfat alikuta kazi yake imeshatandikwa uani: kinu kidogo, mchi, na sinia ya maua makavu. Yalikuwa maua ya langilangi, asumini na mawaridi. Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Twanga, chekecha, twanga tena mpaka maua yawe unga laini. Unga huo ukichanganywa na liwa ya msandali na marashi ndio singo, ambayo husuguliwa mwilini mwa bibi harusi siku zote anapokuwa amewekwa ndani.

"Twanga kwa adabu," alisema Bi Mwanakheri, aliyekaa kwenye kibao. "Hayo maua hayajakutukana."

"Mkono unaniuma, bibi."

"Umeanza kukuuma mara hii? Basi nipe mimi niyatafune." Akacheka, akaonesha meno matatu aliyobakiwa nayo.

Bi Mwanakheri alikuwa jirani yao hapo mtaani Mpendae. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwaweka ndani mabibi harusi wa mtaa ule, akiwasugua, akiwafukiza udi na kuwafunda. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na singo yake na jina lake, na kwa vitu hivyo viwili alikula na kuvaa.

Safari hii bibi harusi alikuwa Bashira, dada yake Ulfat, msichana wa miaka ishirini na mbili, mwenye rangi ya maji ya kunde na mdomo usionyamaza. Alikuwa anaolewa na Himid, fundi umeme wa mtaa wa Amani. Harusi ilibakia wiki tatu, na kwa desturi mwari akishawekwa ndani havuki kizingiti. Chakula kinamfuata, maji yanamfuata, na kama ana shida ya mjini basi anayo miguu ya mdogo wake.

Bashira alikuwa na shida moja ya mjini. Tangu siku ilipokubaliwa posa, miezi miwili nyuma, alikuwa akijipaka krimu ya kujitia weupe. Himid hakusema neno lolote kuhusu rangi yake. Aliyesema ni simu: kila akiifungua aliona mabibi harusi weupe kama tui, wakitabasamu chini ya taa. Kopo la kwanza alilinunua mwenyewe. La pili alimtuma Ulfat soko la Darajani, kwenye duka moja la uchochoroni.

Muuzaji alilitoa kopo chini ya meza, akalifunga gazeti. Lilikuwa kopo jeupe lenye kifuniko cha buluu. Halikuandikwa jina la kiwanda, wala tarehe, wala kilichomo. Ulfat, ambaye yuko darasa la sita na anapenda kusoma hata maandishi ya mifuko ya unga, alilizungusha mara tatu asipate hata herufi moja.

"Da' Bashira, hili mbona halina jina?"

"Kwani unataka kulisalimia? Lete." Bashira akalitia ndani ya foronya ya mto. "Mama asijue, wala Bi Mwanakheri. Siri ni amana, Ulfat. Ukiitoa umenihini."

Ulfat akaitunza siri. Na kwa kuwa aliyepewa kuchunga asali hakosi kulamba kidole, mara mbili alijipaka na yeye kidogo kwenye mashavu, dada yake akiwa anaoga.

Kila alasiri Bi Mwanakheri alimsugua mwari kwa singo kisha akenda zake. Na kila alipotoka, Bashira alijifuta, akajipaka krimu kuanzia usoni mpaka vifundoni.

Katika wiki ya kwanza uso wa Bashira ulianza kujaa. Mashavu yakawa ya mviringo. Bangili zikawa hazitoki. Majirani waliokuja kumtazama walifurahi sana.

"Mashaallah, mwari kanawiri!"

"Singo ya Bi Mwanakheri hiyo. Hata ukikisugulia kijiti kitanenepa."

Mama yao, Bi Maisara, alijaa furaha. Katika nyumba yao, msichana aliyewekwa ndani akatoka amekonda ni aibu ya mama. Akamwongezea Bashira mchuzi wa nazi, akamwongezea na chumvi.

Ulfat, anayelala chumba kimoja na dada yake, aliyaona ya asubuhi ambayo majirani hawakuyaona. Bashira alipoamka macho yalikuwa yamevimba mpaka yanafunguka kwa shida. Na huko chooni, mkojo wake ulikuwa na povu jingi, kama la sabuni, lisilokwisha hata ukimwaga maji.

"Usingizi wa mchana huo," alisema Bashira. "Nenda skuli."

Siku ya kumi, Bi Mwanakheri alikuwa akimsugua mwari mguuni, kidole gumba chake kikabonyea. Alipokitoa, shimo likabaki. Akangoja. Shimo halikurudi. Akabonyeza pengine, na hapo pia likabaki shimo, kama mtu aliyetia kidole kwenye donge la unga wa maandazi.

Aliacha kutania. Akamwita Bi Maisara.

"Huku si kunenepa, mwanangu. Nyama ya mtu ukiibonyeza inarudi. Hii hairudi. Mpelekeni hospitali."

"Mwari atoke nje, Bi Mwanakheri? Watu watasemaje?"

"Watasema alitoka. Mfunikeni baibui na ninja ya usoni, hata nyanya yake hatamjua."

Bi Maisara akasitasita, akalia kidogo, kisha akakubali. Kesho yake wakenda watatu: mama, Bashira na Ulfat wa kubeba mkoba.

Aliyewapokea ni Daktari Silima, mama wa makamo mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Alibonyeza miguu ya Bashira, akampima presha, akamtoa damu, akampa kikopo cha mkojo. Kikopo kiliporudi, alitumbukiza ndani yake kijiti chembamba chenye kipande cha karatasi ya manjano kwenye ncha. Karatasi ikageuka kijani kibichi.

"Rangi hii inasema kuna protini nyingi kwenye mkojo," alisema. "Tungoje maabara watuletee ya damu."

Majibu yalipokuja, daktari aliyasoma mara mbili.

"Kwenye damu kuna protini inayoitwa albumini. Mtu mzima mwenye afya hapungui gramu thelathini na tano katika kila lita ya damu. Bashira anazo kumi na tisa."

"Nyengine zimekwenda wapi?" aliuliza Bi Maisara, kama mtu aliyeibiwa sokoni.

"Zimo kwenye kile kikopo." Daktari akamgeukia Ulfat. "Wewe, unakijua kifumbu?"

"Naam. Cha kukamulia nazi."

"Kifumbu kizima kinatoa tui na machicha yanabaki. Figo zinafanya kazi inayofanana na hiyo. Maji na taka zinapita, zinakuwa mkojo. Protini zinabaki kwenye damu kwa sababu mwili unazihitaji. Figo zikidhurika, tundu zake zinatanuka, na protini nazo zinapita. Ndilo povu hilo mnaloliona chooni."

"Na huu uvimbe?"

"Kazi moja ya albumini ni kuyazuia maji ndani ya mishipa ya damu. Ikipungua, maji yanatoka, yanakwenda kukaa machoni na miguuni. Mwanao hajanenepa, Bi Maisara. Amejaa maji."

Bashira aliangalia dirishani.

"Kuna habari njema," daktari akaendelea. "Kipimo kingine kinaonesha figo bado zinasafisha taka vizuri. Zinavuja, lakini hazijashindwa. Zikiachwa hivi hivi, zinaweza kushindwa. Sasa nataka kujua kilichozidhuru. Umetumia dawa za maumivu? Miti shamba? Unajipaka nini?"

"Singo tu, daktari," alisema Bashira.

Ulfat akayatazama makubadhi yake.

"Basi acha kila unachopaka, hata hiyo singo, mpaka tujue. Punguza chumvi. Kunywa vidonge hivi vya kutoa maji. Rudi baada ya wiki."

Katika maneno yote hayo Bi Maisara alisikia neno moja. Alipofika nyumbani hakuvua hata baibui. Bi Mwanakheri alikuwa ukumbini, ameshatandika mkeka, anamngoja mwari wake.

"Kusanya vitu vyako, Bi Mwanakheri. Singo yako imemuua figo mwanangu."

Bi Mwanakheri alimtazama Bi Maisara, kisha akamtazama Bashira, ambaye alikuwa ameshaingia chumbani. Ulfat alisimama na mkoba wake mlangoni.

"Daktari kasema singo?"

"Kasema asipake tena."

"Sawa," alisema Bi Mwanakheri. Akakunja mkeka, akabeba kinu, akaenda zake. Mchi ulibaki uani, na hakuna aliyemkimbilia nao.

Siku ya tatu yake Ulfat alikuwa kwenye foleni ya maji, mferejini hapo skuli. Nyuma yake alikuwapo Abdulwahid, mvulana wa darasani kwao ambaye kinywa chake hufungwa na maji tu, tena ya kunywa.

"Ulfat, dada yako kapasuka au bado? Nimesikia kavimba kama mkate wa boflo."

"Kavimbe wewe."

"Mie si nimesikia? Na yule bibi wenu wa singo kafutwa. Shangazi yangu alikuwa aweke ndani binti yake, kamrudisha bibi na sinia yake. Kule kwa kina Makungu nao wameitupa singo jaani. Watu wanasema anatia sumu."

"Hatii sumu!"

"Wewe umejuaje? Daktari wewe?"

Ulfat alikinga maji, akanywa, akaondoka.

Wakati wa kurudi alipita mbele ya nyumba ya Bi Mwanakheri. Masinia matatu ya maua yalikuwa juani, na hapakuwa na mwari wa kutwangiwa. Bibi mwenyewe alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Dada yako hajambo? Miguu imepungua?"

"Bado kidogo."

"Mwambieni ainyanyue kwenye mto akilala. Inasaidia."

Hakusema jengine. Ulfat alikuwa tayari kutukanwa, na matusi angeyaweza. Hilo la mto hakuliweza. Akaondoka mbio.

Nyumbani alifunga mlango wa chumba.

"Da' Bashira, umeacha kupaka?"

"Siku mbili hizi nnapaka kidogo tu. Harusi ikishapita nnaacha."

"Daktari kasema uache vyote!"

"Kasema singo, na singo nshaacha."

"Watu wanasema Bi Mwanakheri anatia sumu. Wanamrudisha milangoni."

Bashira aliupanga upya mto wake. "Watasahau. Na wewe kumbuka ulichoniahidi."

Wiki ikatimia. Asubuhi ya kurudi hospitali, Ulfat alilitoa kopo kwenye foronya akalitia mkobani, chini ya chupa ya maji. Alikuwa ameshapanga. Bashira akisema mwenyewe, kopo litabaki humo humo na hakuna atakayejua kwamba lilisafiri.

Safari hii Daktari Silima aliyasoma majibu mara tatu.

"Kumi na sita," alisema. "Zimeshuka. Singo umeacha?"

"Nimeacha," alisema Bashira. Na kweli singo alikuwa ameiacha.

Daktari akavua miwani. "Basi ama kuna kitu bado kinaingia mwilini, ama figo zenyewe zina maradhi. Mimi sijui, na nisipojua nitatibu kwa kubahatisha. Itabidi muende Dar es Salaam, achukuliwe kipande kidogo cha figo kwa sindano kikachunguzwe. Na huenda tukaanza dawa kali, zenye madhara yake."

Bi Maisara akajifunika uso kwa mtandio. Daktari akauliza tena, polepole, akimtazama Bashira: "Kwa mara ya mwisho. Hakuna chengine chochote?"

Ulfat alihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Alimpa dada yake mpaka kumi. Alipofika tisa Bashira alitikisa kichwa: hakuna.

"Kipo," alisema Ulfat.

"Ulfat!"

"Kipo, daktari. Hiki hapa." Akalitoa kopo akaliweka mezani. "Anapaka tangu ilipokubaliwa posa. Hili la pili nimelinunua mimi. Na mimi nimejipaka, mara mbili, hapa na hapa. Bi Mwanakheri hakujua kitu."

Bashira alimgeukia mdogo wake, macho yake yaliyovimba yamejaa machozi. "Nilikuamini, Ulfat. Umenihini amana yangu."

"Amana ni kitu unachomtunzia mtu kisiharibike," alisema daktari kabla Ulfat hajajibu. "Hapa kilichokuwa kinaharibika ni figo zako. Ungetaka akutunzie kipi, kopo au figo?"

Bashira akajifuta macho kwa ncha ya baibui.

Daktari alilitia kopo kwenye mfuko wa plastiki akaufunga. "Sitalihukumu kabla ya kupimwa. Lakini krimu nyingi za namna hii zisizo na jina zimekutwa na zebaki. Ndiyo maana zimepigwa marufuku. Zebaki inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Kisha inapenya ngozini, inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye figo. Unajipaka usoni, unaumia kiunoni."

"Nitapona?" Sauti ya Bashira ilikuwa ndogo.

"Wengi wakiacha mapema figo zao hupona, lakini si kwa siku chache. Itachukua miezi. Na wewe, mwenye 'hapa na hapa', nenda na kikopo."

Ulfat alikwenda na kikopo. Karatasi ya kijiti chake ilibaki ya manjano. Daktari alimwonesha, akamwambia ashukuru Mungu na asijaribu tena.

Njia nzima Bi Maisara hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha. Walipofika Mpendae alipita mlango wake mwenyewe akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Mwanakheri, mabinti zake wawili nyuma yake.

"Nimekuja kukuomba radhi, Bi Mwanakheri. Wewe ndiye uliyeyaona maradhi, mimi nikakubebesha lawama."

Akaeleza yote. Bi Mwanakheri alisikiliza mpaka mwisho.

"Radhi nimetoa," alisema. "Lakini hapa ndani tuko wanne tu, na sisi wanne ukweli tunaujua. Yale maneno mengine yako kwa watu. Uliyaanza mlangoni kwako yakapita nyumba kwa nyumba. Yafuateni huko huko."

Wakayafuata. Bashira alibaki kitandani, miguu yake juu ya mto. Bi Maisara na Ulfat walipiga hodi katika nyumba kumi na moja kwa siku mbili. Katika kila nyumba Bi Maisara alisema, "Nilikosea, singo haina kosa," na Ulfat akaeleza habari za kopo, kwa kuwa aliyelinunua ni yeye. Nyumba ya kwanza alilia. Ya tano sauti ilikuwa imeshakaza. Ya tisa ilikuwa ya shangazi yake Abdulwahid, na Abdulwahid mwenyewe alikuwapo, akasikiliza kisha akauliza kwa unyonge kama krimu ya dada yake, yenye kifuniko cha waridi, nayo iende ikapimwe. Bashira naye hakuachwa. Alimpigia Himid simu mwenyewe, akamwambia ukweli wote na kwamba harusi imeahirishwa. Bashira alingoja atukanwe. Himid akauliza, "Kwani mimi nnaoa tarehe?"

Majibu ya maabara yalifika baada ya wiki tatu. Krimu ilikuwa na zebaki nyingi, na kwenye mkojo wa Bashira zebaki ilikuwamo pia. Daktari akapeleka habari kwa wakaguzi wa vipodozi, akamwandikia Bashira dawa ya kuitoa. Kuanzia hapo ikawa ni kwenda na kurudi. Mwezi wa kwanza albumini ilipanda ikafika ishirini na tatu. Wa pili, ishirini na tisa. Uvimbe ukapungua, bangili zikatoka. Mashavu yaliyosifiwa yakenda zake, na Bi Maisara akajifunza kuyaona mashavu membamba kuwa ni habari njema.

Mwezi wa tano Daktari Silima alitumbukiza kijiti, wote watatu wakakodoa macho. Karatasi ilibaki ya manjano. Majibu ya damu yalisema thelathini na nane.

"Figo zimeziba tundu zake," alisema daktari. "Tutaendelea kuzipima kila baada ya muda. Haya, tangu mara ya mwisho umetumia nini?"

"Vidonge ulivyonipa," alisema Bashira. "Panadoli mbili, jino liliniuma Jumanne. Mafuta ya nazi ya nywele. Na embe bichi kwa chumvi."

"Maembe matatu," alisema Ulfat.

"Mawili na nusu!"

"Na achari, daktari. Kwa mama mkubwa, Bububu."

Daktari Silima alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha akaiweka mezani, akawatazama kwa zamu, mama na wanawe.

"Endeleeni hivyo hivyo, hata achari nitaiandika. Sikilizeni. Kipimo cha damu kiliniambia protini zimepungua. Cha mkojo kikaniambia zinakopita. Hakuna kipimo kilichoniambia kwa nini. Hilo lilikuwa kinywani mwa mtoto wa darasa la sita, na wiki nzima alilimeza, maradhi yakazidi na bibi wa watu akachafuliwa jina. Kitu kisichoandikwa kilichomo usikitie mwilini, na daktari akikuuliza mwambie kweli, tena siku ile ile ya kwanza. Ulfat, umenisikia?"

"Naam, daktari."

"Ulichelewa wiki moja. Lakini ulisema."

Alipiga muhuri kadi ya Bashira, akaandika tarehe ya kurudi, akamwita mgonjwa mwengine.